Namna ya kumweleza mtu jambo la sayansi akaelewa, na kesho akarudi kuuliza lingine

"Mwalimu, we unafanyaka aje mpaka watu wanasikia?"

Swali hili nimeulizwa mara nyingi mno, na karibu kila mara na kijana wa aina moja. Amesoma, diploma yake ya Leta, ile ya serikali ya kumaliza sekondari, iko ndani ya plastiki kwao nyumbani, mambo anayajua. Lakini akianza kueleza, watu wanaangalia pembeni. Mimi nilifundisha fizikia miaka kumi na miwili. Sasa nina kibanda cha kuchaji na kutengeneza simu hapa Majengo, Goma, na mbele yake nimeweka benchi. Mtu akingoja simu ijae, anauliza. Ziwa letu la Kivu litapasuka? Juu ya nini pawabanki yangu inaisha mbio? Mazuku, ile inayoua mbuzi mashimoni, ni pepo ao ni hewa? Benchi hilo limenifundisha kueleza kuliko ubao wa darasani, maana darasani mtoto hana ruhusa ya kuinuka akaenda zake.

Basi nimeona niandike mara moja, atakayeuliza tena nimtumie hii.

Kabla ya kuanza, uwe na hivi

- Swali lenyewe, kwa maneno ya aliyeuliza. Usiligeuze kichwani mwako likawa swali la mtihani.
- Kitu cha kushika. Chini ya meza yangu kuna chupa ya Fanta, ndimu, paketi ya bikaboneti, vipande vya mshumaa na waya. Hakuna kingine.
- Kijiti. Ardhi yetu ni nyeusi, imejaa vumbi la lava. Ubao gani tena unataka?
- Namba moja uliyoihakiki. Moja.
- Mtu wa kufanyia mazoezi, asiyekuonea haya. Wangu ni mke wangu. Anauza sambaza, wale samaki wadogo, soko la Kituku, hana muda wa kupoteza. Nikizidi dakika mbili ananikata: "Papa, sema kwanza kama ni ndiyo ao hapana, mengine utasema nikiisha kupima samaki."

Hatua zenyewe

1. Tafuta swali lililolala chini ya swali.

Chukua hilo la ziwa. Ndani ya wiki moja niliulizwa na watu watatu, kwa maneno yale yale: "Ziwa Kivu itapasuka?" Wa kwanza alikuwa mama aliyetaka kukodi nyumba Himbi, karibu na maji. Wa pili mwanafunzi aliyepewa kazi ya shuleni. Wa tatu kijana aliyetoka kwenye maombi ya usiku ambako mhubiri alisema mwisho wa Goma umeandikwa majini. Ukiwapa wote watatu jibu moja, umewakosea wawili, na huenda watatu.

Uliza jambo moja tu kabla ya kufungua mdomo: "Umesikia wapi?" au "Unataka kufanya nini?" Uliza kama jirani. Ukiuliza kama mwalimu anayetafuta kosa, mtu atajibu "hapana, nilikuwa ninauliza tu", na hapo umempoteza.

2. Toa jibu kwanza. Sababu zifuate.

Sisi tuliosoma tuna ugonjwa wa kuanza mbali: kwanza gesi ni nini, halafu maji ni nini, halafu historia ya Bonde la Ufa. Mwenye kuuliza amekaa kwenye benchi la mbao, jua kali, anangoja jibu. Mpe. Kwa yule mama nilisema hivi: "Gesi iko kweli, tena nyingi. Iko chini sana na maji hayajajaa hiyo gesi, kwa hiyo haitoki yenyewe. Kuna watu kazi yao ni kuipima. Sasa, unataka nikuonyeshe inakaaje humo?"

Sentensi nne, na ya mwisho inamwachia mlango. Akisema hapana, mwache aende na jibu lake. Usimfuate na maelezo hadi barabarani, nimewaona wanaofanya hivyo.

3. Weka mkononi mwake kitu anachokijua.

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Chukua chupa ya soda ya kioo, iliyofungwa. Mpe aishike mwenyewe. Mwambie aitazame juani na atafute povu. Hatapata, maji yametulia kabisa. Muulize: "Gesi iko humo?" Kila mtu atasema ndiyo, maana kila mtu ameshawahi kucheua baada ya Fanta. Sasa muulize: "Iko wapi basi, mbona huioni?" Nyamaza. Kimya hicho cha sekunde tano kina kazi kubwa kuliko maneno yako yote.

Halafu fungua kizibo polepole, kidogo tu, mpaka usikie *psss*. Povu linatokea kila mahali kwa mara moja, katikati ya chupa, pembeni, chini. Funga tena kwa kidole gumba: linapungua. Achia: linarudi. Mwache afanye mwenyewe mara mbili tatu. Ameona kwa macho yake kwamba gesi inaweza kujificha ndani ya maji ilimradi kuna kitu kinachoikandamiza, na kwamba ukiondoa mkandamizo inatoka.

Sasa chora ziwa chini kwa kijiti. Ziwa Kivu lina kina kinachokaribia mita 480 pale lilipo refu zaidi. Gesi nyingi, kaboni dioksidi pamoja na metani, imeyeyuka katika maji ya chini, kuanzia kama mita 250 kwenda chini. Kizibo chake ni nini? Ni maji yenyewe yaliyo juu. Kila mita kumi unayoshuka, mkandamizo unaongezeka kwa kiasi cha uzito wa hewa yote iliyo juu ya kichwa chako. Ukifika mita 300, umeongezewa hewa thelathini za namna hiyo.

Kisha mwonyeshe kwamba kizibo hicho kinaweza kufunguliwa kwa akili. Upande wa Rwanda, karibu na Kibuye, kuna mtambo uliozinduliwa mwaka 2016, unatoa umeme wa megawati 26 kwa metani ya ziwa hili hili. Wameshusha bomba hadi maji ya chini. Maji yakipanda ndani ya bomba, mkandamizo unapungua, gesi inatoka yenyewe, *psss*, kama kwenye chupa aliyoishika. Wanaitenganisha, metani inakwenda kwenye injini. Watu wengi wa benchini hapo ndipo wanapiga paja na kusema "kumbe!"

4. Sema mfano wako unavunjikia wapi.

Hatua hii wanaoanza wote wanairuka, na madhara yake ni makubwa. Ukimwachia mtu chupa ya Fanta peke yake, ataondoka na wazo kwamba ziwa likitikiswa na upepo au na boti ya Bukavu litaruka kama soda. Umemtia hofu mpya ambayo hakuja nayo.

Kwa hiyo kabla hajarudisha chupa, sema: "Lakini ziwa si chupa, kwa mambo matatu." Chupa kiwandani imejazwa gesi hadi inasukuma kizibo, wakati maji ya chini ya ziwa bado yana nafasi, gesi iliyomo haijafikia kiasi cha kutoa povu lenyewe kwa mkandamizo ulioko kule. Pili, maji ya chini yana chumvi nyingi na ni mazito, yamejipanga kwa tabaka, hayachanganyiki na ya juu kila upepo unapovuma. Ili yapande panahitajika kitu kikubwa sana. Tatu, Fanta haina metani.

Akikuuliza kama jambo hilo limewahi kutokea mahali popote, usimfiche. Tarehe 21 Agosti 1986, ziwa Nyos kule Kamerun, ziwa dogo lisilofika hata kilomita mbili za mraba, lilitoa kaboni dioksidi usiku na kuua watu wapatao 1,700 mabondeni. Ndiyo maana la kwetu linapimwa. Mtu mzima anaweza kubeba habari mbili kwa pamoja, kwamba hatari ipo na kwamba haiko mlangoni usiku huu. Mimi huwa sichagui moja kwa niaba yake.

5. Namba moja kwa jibu moja, na uibadilishe kuwa kitu.

Ningeweza kukwambia ziwa lina takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za metani. Ni kweli, na benchini haimsaidii mtu yeyote. Nani amewahi kuona kilomita ya ujazo?

Tazama pawabanki, maana hilo ndilo swali la kila siku. Mtu amenunua iliyoandikwa 20,000 mAh. Simu yake ina betri ya 5,000. Anagawanya: mara nne. Anachaji mara tatu na kidogo, imeisha. Anarudi kwangu na hasira, anasema ameibiwa.

Wanaoanza hapa wanakimbilia volti na ampea. Mimi ninamwonyesha kwa kidole mama anayebadilisha pesa pale kona, na vitita vyake vya franka. "mAh ni idadi ya noti," ninamwambia. "Volti ni thamani ya kila noti. Ndani ya pawabanki una noti 20,000, kila moja ya 3.7. Jumla ni 74,000. Waya wa USB unataka noti za 5. Ukibadilisha unabaki na noti 14,800. Hujaibiwa, thamani ni ile ile, idadi ndiyo imepungua. Halafu simu yako inabadilisha tena, maana betri yake ni noti za 3.85 hivi: 5,000 mara 3.85 ni 19,250. Na kila anayebadilisha anakata komisheni. Komisheni hapa ni joto. Gusa pawabanki ikichaji, si inapata moto?"

74,000 kwa 19,250 ni karibu mara nne kasoro kidogo, toa komisheni mbili, unapata mara tatu na kitu. Hesabu yote hiyo ninaiandika chini kwa kijiti, lakini namba ninayomwachia ni moja: *tatu*. Ikifika tatu, pawabanki ni nzima. Ikishindwa kufika hata moja, basi hapo ndipo aliuziwa kitita chenye magazeti katikati.

Mfano unavunjika wapi? Noti ya betri haibaki na thamani moja. Betri ya lithiamu ikijaa inakaribia volti 4.2, ikielekea kuisha inashuka, 3.7 ni ya wastani. Kwa mteja wa kawaida sisemi. Kwa kijana anayejifunza ufundi ninasema.

Mfano mwingine wa namba nzuri ni wa radi. Ukiona mwanga, hesabu sekunde mpaka mngurumo, gawanya kwa tatu, hizo ni kilomita. Mtoto wa miaka minane anaweza. Kwa huku kwetu si mchezo: kwa hesabu za setilaiti, huku mashariki mwa Kongo ni kati ya mahali panapopigwa na radi nyingi zaidi duniani.

6. Jina la kitaalamu lije mwisho, kama litakuja.

Sisi tulisoma sayansi kwa Kifaransa. Vitu tunavijua kwa Kiswahili, majina yake kwa Kifaransa, na kati ya hivyo viwili kuna bonde. Kijana akitaka kuonekana amesoma, anarusha majina kutoka ng'ambo ya bonde na kudhani ameeleza. Jina halielezi kitu. Onyesha kitu, wakishakiona uwape jina ili waweze kukitafuta wenyewe.

Tena wakati mwingine jina zuri liko kwetu tayari. Mazuku: upepo mbaya. Wazee wa huku walijua, kabla ya mtaalamu yeyote kuja na kipimo, kwamba kuna mashimo karibu na Mugunga na Sake ambamo mbuzi akiingia asubuhi harudi. Leo wachunguzi wa volkano wanaandika *mazuku* katika lugha zao, hawajapata neno bora.

Ili kuonyesha mazuku ni hewa na si pepo, fanya hivi. Chukua sufuria refu la lita tano, weka vijiko vitatu vya bikaboneti, mimina nusu kikombe cha maji ya ndimu. Ngoja povu litulie bila kulipulizia. Funga kipande cha mshumaa kwenye waya, washa, shusha polepole. Moto ukifika chini unazimika kana kwamba mtu ameubana kwa vidole. Pandisha, washa, shusha tena, unazimika tena. Wape wajaribu. Kisha sema: "Hicho kilichozima moto hamkioni, hakinuki, na ni kizito kuliko hewa, kama mara moja na nusu. Kinakaa chini kama maji. Ndiyo maana mtu mzima anapita amesimama, mbuzi na mtoto wanaanguka." Sasa ndipo ninasema kaboni dioksidi. Si mapema.

7. Akurudishie kwa mdomo wake, au kwa mikono yake.

Usiulize "umeelewa?" Hakuna anayejibu hapana mbele ya watu. Muulize atabiri kitu.

Jirani yangu, mama mmoja mpishi, alikuwa analalamika kwamba maharage yanamla makala (mkaa). Dada yake aliye Kisangani anayapika kwa muda mfupi. Nilimweleza: Goma iko juu, kama mita 1,500, hewa inayokandamiza maji ni nyepesi, kwa hiyo maji yanachemka kwenye nyuzi kama 95 badala ya 100. Kisangani iko chini, kama mita 400, maji yao yanachemka yakiwa na moto zaidi. Akaitika. Ndipo nikamuuliza: "Basi maji yakishachemka, ukiongeza makala maharage yataiva haraka?"

Akanitazama. "Ndiyo," akasema. Kisha akasita, kijiko kikiwa hewani. "Ngoja. Kama yanachemka tayari... moto wote unaenda kwenye mvuke?"

Hapo ndipo nilijua ameelewa. Siku hizi anayaloweka usiku kucha, na yakianza kuchemka anapunguza moto, akiba ya makala anaiona mwenyewe kwenye gunia.

Makosa yanayorudi kila siku

*Kujibu zaidi ya unachokijua.* Hili ninalisema nikiwa na aibu yangu. Jumamosi ya Mei 22, 2021, Nyiragongo, volkano yetu, ilitoa lava usiku, ikasimama pembezoni mwa mji, si mbali na uwanja wa ndege. Jumatatu nilikuwa benchini nimezungukwa na watu, ardhi inatetemeka kila saa, na mimi ninaeleza kwa kujiamini kabisa: yameisha, mlima umetapika na sasa tumbo linajikaza. Mfano mtamu. Watu wakatulia. Alhamisi, Mei 27, ikaja amri ya kuhamisha sehemu kubwa ya mji kwa sababu ilionekana magma ilikuwa imesogea chini ya mji na ziwa. Njiani kuelekea Sake, katikati ya watu maelfu, nilikutana na mzee mmoja niliyemwambia alale usingizi. Alikuwa na godoro kichwani. Hakunitukana. Aliuliza tu: "Mwalimu, na hii nayo ni tumbo kujikaza?"

Tangu hapo nina mstari. Swali la "ni kitu gani, kinafanyaje kazi" ninajibu. Swali la "nihame ao nibaki usiku huu" ninalielekeza kwa OVG, wachunguzi wa volkano wa hapa Goma, na kwa wenye mamlaka ya kuwaonya watu. Kazi yangu inakuwa kueleza maana ya kile walichotangaza.

*Kuchanganya gesi mbili.* Mazuku na moshi wa makala vyote vinaua kimya kimya, na vijana wanavieleza kama kitu kimoja. Sivyo, na ushauri wake ni tofauti. Mazuku ni kaboni dioksidi, inatuama mabondeni: panda juu, na usiiname kumvuta aliyeanguka shimoni, maana utalala juu yake. Mbabula, yaani jiko la makala, ndani ya chumba kilichofungwa inatoa kaboni monoksidi. Hiyo haitulii chini, inachanganyika na hewa yote ya chumba na kushika damu isibebe oksijeni. Kulala juu ya kitanda kirefu hakusaidii kitu. Toa mbabula nje.

*Majaribio ya ujinga.* Jaribio la sufuria ni la sufuria. Asiende mtu na mshumaa kwenye shimo la mazuku, akiona unawaka ajiambie pako salama: mshumaa unaweza kuendelea kuwaka mahali ambapo hewa tayari ni hatari kwa binadamu. Moshi wa makala usiuonyeshe kwa jaribio lolote. Na betri ya simu iliyovimba usiitoboe "watu waone ndani". Kijana wangu mmoja alijaribu, bisibisi ikaingia, tukakimbiza meza nzima nje ikiwaka.

*Kucheka swali.* Halihitaji maelezo.

Maelezo yakigoma

Anasema "ndiyo, ndiyo" na macho yako kwenye simu: umezidisha. Acha katikati ya sentensi na umuulize atabiri. "Nikitikisa chupa hii sasa, nikaiacha mpaka kesho bila kuigusa, nikifungua itaruka?" (Haitaruka. Usimwambie, mwachie chupa.)

Anasema "Mungu ndiye anajua": usishindane. Mhubiri ana maikrofoni na wewe una benchi. Mwambie la kufanya, kwa mfano mbuzi wasishuke kwenye lile shimo, hasa asubuhi kabla ya upepo. Hilo anaweza kulifanya pamoja na imani yake.

Kuna mjuaji benchini anayepinga kwa sauti na kwa Kifaransa: mpe waya na mshumaa. Akiwa sahihi jaribio litaonyesha, na wewe utakuwa umejifunza. Imenitokea mara mbili.

Mwenye kuuliza yuko mbali, mnaongea kwa simu: mwombe achukue chupa au sufuria ya kwake, afanye akiwa anakusikiliza. Maelezo marefu ya sauti ya dakika sita hakuna anayeyamaliza.

Swali limekushinda: "Hili silijui, pita kesho." Liandike mbele yake. Nina daftari la kurasa mia, na watu wanapenda kulisoma kuona maswali yao yameingia. Kesho akipita na hujapata, mwambie hujapata.

Umegundua jana ulikosea: tafuta wale wale uliowaambia. Yule mzee wa godoro nilimfuata hadi kwake Ndosho, Juni, tuliporudi. Alinipa kiti, akaniacha nieleze upya tangu mwanzo, kisha akauliza maswali manne ambayo mawili yamo kwenye daftari hadi leo.

Mtoto ameuliza "juu ya nini?" mara ya saba na umefika mwisho wa fizikia yako: mpe chupa nyingine aitikise mwenyewe. Lakini nje, mbali na simu za wateja.